Mafindofindo ya Mtoto na Milango ya Moyo

Safari hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya maradhi yaanzayo kooni yakamalizikia moyoni. Huenda msomaji akastaajabu na kuuliza, koo na moyo vina ujirani gani? Mwenye mafindofindo humeza mate kwa taabu siku tatu nne, akanyweshwa maji ya moto yenye tangawizi na asali, akapona, na wenyewe wakasahau. Lakini matabibu wameeleza, nao wana ushahidi wao, ya kuwa katika watoto wachache homa ile ya koo haiondoki peke yake. Huacha nyuma moto ndani ya mwili, moto upitao katika viungo bila ya kukaa, kisha ukafika moyoni ukakaa. Miaka 15 au 20 baadaye mtoto yule amekuwa mama wa watoto, apanda kilima na ndoo ya maji kichwani, na pumzi zamkatikia njiani. Hapo ndipo aambiwapo kuwa ana maradhi ya moyo. Koo lile halikumbuki, wala mama yake halikumbuki.

Huku kwetu Nainokanoka, chini ya Olmoti, watu wamezoea kuilaumu baridi kwa kila jambo. Twakaa juu sana, ukungu hushuka kutoka mlimani na asubuhi hukawia kuondoka, na mtoto akilalamika kooni husemwa, "Kapigwa na baridi." Hata jina la maradhi tunayotaka kuyaeleza lina baridi ndani yake: homa ya baridi yabisi. Maneno hayo mawili asili yake ni Kiarabu, nayo maana yake ni ubaridi na ukavu. Yametoka katika utabibu wa kale, ambao Waarabu waliupokea kwa Wayunani wakauendeleza, uliokuwa ukiyapanga maradhi yote kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Jina limebaki, na elimu imekwenda mbele yake. Si baridi iletayo maradhi haya, bali ni kijidudu kiitwacho streptokoki, kikaacho kooni na kupita kutoka mtu hata mtu kwa mate, kwa kikohozi na kwa chafya. Baridi kosa lake ni moja tu, kwamba hutukusanya. Watoto watano sita hulala pamoja juu ya ngozi moja, karibu na moto, mlango umefungwa na moshi umejaa, na aliye na koo huwagawia wenzake kabla ya alfajiri.

Watoto wa makabwela katika miji ya Uingereza walikuwa wakiugua hivi hivi mwanzoni mwa karne ya 20. Maradhi yakaanza kupungua kwao hata kabla ya dawa ya penisilini kuenea, kwa kuwa nyumba zilipanuka na watu wakaacha kulala wengi chumba kimoja. Leo yamebaki kwa maskini wa dunia: katika Afrika, Bara Hindi, visiwa vya Pasifiki, na hata kwa wenyeji wa asili wa Australia, ijapokuwa nchi yao ni tajiri. Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa watu milioni 55 wanaishi na mioyo iliyoharibiwa na maradhi haya, na kwamba yaua watu kama 360,000 kila mwaka.

Sasa tueleze namna yanavyofanya kazi. Mwili wa binadamu una askari wake ndani ya damu, ambao kazi yao ni kuwapiga wavamizi. Kijidudu hiki cha koo kimevaa vazi linalofanana na nyama ya mwili wetu wenyewe, hasa nyama ya milango ya moyo. Askari wakishamshinda adui kooni huzunguka wakiwatafuta waliosalia. Waionapo milango ya moyo huidhania ndiyo adui, wakaipiga. Kwa sababu hiyo maradhi hayatokei siku zile za koo, bali wiki mbili au tatu baadaye, koo limekwisha pona na hapana tena anayelifikiria. Wengi wapatwao ni wenye umri wa miaka 5 hata 15, yaani umri ule ule wa madrasa na shule.

Milango hiyo ya moyo, ambayo matabibu huiita vali, ni minne. Hufunguka na kufungwa mara kama 100,000 kila siku ili damu iende mbele isirudi nyuma. Unaoumia zaidi ni ule wa upande wa kushoto, ulio kati ya chumba cha juu na chumba cha chini. Pigo la kwanza huenda likauvimbisha tu, na uvimbe ukatulia. Mtoto akiugua koo tena askari huamka tena, na kila mara mlango hubakiwa na kovu, mpaka ukawa mnene na mgumu, kingo zake zikashikana, damu ikapita kwa shida. Au ukashindwa kufunga, damu ikarudi ilikotoka. Moyo hujikaza miaka mingi bila ya kulalamika, kisha hushindwa. Miguu huvimba, mgonjwa hawezi kulala chali ila kwa mito mitatu, na damu iliyotuama moyoni yaweza kuganda, kipande chake kikapanda kichwani kikaleta kiharusi kwa mtu aliye kijana bado.

Alama zake kwa mtoto hudanganya. Goti huvimba, likawa la moto, akashindwa kukanyaga. Baada ya siku mbili tatu goti limepoa na sasa ni kifundo cha mguu, kisha kiwiko cha mkono. Wazazi husema, "Ameanguka malishoni," au, "Ni mifupa inakua." Na kweli viungo hupona vyote, hata bila ya dawa, wala havibaki na kilema. Kupona kwa namna hiyo ndiko kuwapumbazako watu.

Liko jambo jingine litupasalo sisi waalimu wa madrasa kuliangalia kuliko watu wote. Mtoto, mara nyingi wa kike, aliyekuwa akiandika herufi zake vizuri ubaoni, huanza kuandika kombokombo. Kalamu yamponyoka. Mabega yake yaruka bila ya yeye kutaka, uso wajikunja kama wa mtu afanyaye dhihaka, kikombe cha chai chamwagika mkononi mwake, na hulia au kucheka pasipo sababu ionekanayo. Akilala usingizi, mitikisiko yote hutulia. Tabibu mmoja Mwingereza, Thomas Sydenham, aliyaandika haya mwaka 1686, na mitikisiko hiyo yaitwa kwa jina lake mpaka leo. Nayo ni tawi la homa ile ile ya baridi yabisi, ila hapa askari wameupiga ubongo. Mwalimu asiyejua humwita mtoto huyo mtukutu akamtia bakora. Jirani asiyejua husema ana shetani, na mtoto hupelekwa kusomewa. Sisi hatukikatai kisomo, maana twakisoma wenyewe kila siku. Lakini kisomo hakijapata kumzuia mtu kwenda hospitali. La hatari ni hili, kwamba mitikisiko huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa au miezi, na aliyemsomea au aliyemfukiza hupata sifa, hali moyo wa mtoto huenda umekwisha guswa na hapana aliyeupima. Twawaomba waalimu wenzetu: mwanafunzi akiharibika mkono ghafula, bakora iwekwe chini, mzazi aitwe, na mtoto apelekwe kwa tabibu asikilizwe moyo wake.

Na kwa kuwa twazungumza juu ya koo, hatuwezi kupita bila ya kutaja kimeo. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto akikohoa sana au akiumwa koo hupelekwa kwa mkata kimeo, akakatwa kile kinyama kining'iniacho nyuma ya kinywa. Kazi hii haina faida kwa maradhi haya hata kidogo. Kijidudu hakikai katika kimeo, chakaa katika koo zima. Mtoto hutokwa na damu nyingi, pengine hupata pepopunda kwa kisu kichafu, na zaidi ya hayo zapotea siku zenye thamani kubwa. Maana koo hili likitibiwa kwa penisilini mapema, hata ikiwa imefika siku ya tisa tangu lilipoanza kuuma, homa ya baridi yabisi yaweza kuzuiwa isitokee kabisa. Penisilini ile ile aliyoivumbua Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, dawa ya siku nyingi na ya bei ndogo, ndiyo dawa yake.

Si kila koo liumalo ni la kijidudu hiki; makoo mengi ni ya mafua na hupona yenyewe. La kuogopwa huja ghafula pamoja na homa kali, kumeza huuma sana, tezi za mbele ya shingo huvimba na kuuma zikiguswa, na kwa kawaida hakuna kikohozi wala kamasi. Mama aonapo hayo asingoje.

Homa hii si pekee katika maradhi ambayo askari wa mwili huugeukia mwili. Wako wengine waiachao milango ya moyo wakaivamia mishipa ya damu yenyewe, na mwisho wake ni moyoni vile vile. Mwaka 1908 tabibu wa macho wa Kijapani, Mikito Takayasu, alieleza habari za mwanamke kijana aliyekuwa na mishipa ya ajabu ndani ya jicho. Baadaye ikafahamika kuwa katika maradhi hayo mshipa mkuu utokao moyoni, pamoja na matawi yake, huvimba na kusongeka, hata tabibu akishika kiwiko cha mgonjwa haoni mapigo. Wapatwao zaidi ni wanawake walio chini ya miaka 40. Mkono mmoja huchoka upesi, kizunguzungu huja, presha ya mkono wa kulia haipatani na ya kushoto, na moyo huumia kwa kusukuma damu katika njia iliyozibana. Mjapani mwingine, Tomisaku Kawasaki, aliandika mwaka 1967 juu ya watoto wadogo wenye homa ipitayo siku tano, macho mekundu yasiyo na tongo, midomo iliyopasuka, ulimi mwekundu, vipele mwilini, na ngozi ya vidole ibambukayo. Mzazi wa huku atasema ni surua. Lakini mmoja katika kila wanne wa watoto hao, asipotibiwa, hutokewa na uvimbe katika mishipa midogo iulishayo moyo damu. Maradhi haya mawili ni machache, nasi hatuyataji ili kutisha watu. Twayataja ili mama ajue kuwa homa isiyoisha siku ya tano, au mapigo yasiyolingana mikononi, ni mambo ya kupelekwa kwa tabibu.

Turudi kwa homa ya baridi yabisi, iliyo nyingi Afrika ya Mashariki. Habari kubwa juu yake katika miaka hii imetoka kwa jirani zetu wa Uganda, katika wilaya ya Gulu na sehemu za kaskazini. Matabibu wa Kiganda na wa Kimarekani waliwapima watoto wa shule zaidi ya 100,000 kwa chombo kionyeshacho moyo kwa mawimbi ya sauti, chombo ambacho hakiumizi wala hakitoi damu. Watoto hao walikuwa wakicheza na kusoma kama wenzao. Lakini wako walioonekana milango ya mioyo yao imeanza kubadilika, na wao wenyewe hawana habari. Wakachukuliwa 818 wa miaka 5 hata 17, wakagawanywa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja likapigwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa muda wa miaka miwili, na la pili likaangaliwa tu. Watoto 799 wakafika mwisho wa safari. Katika waliopigwa sindano, waliozidiwa na maradhi ya moyo walikuwa watatu. Katika wasiopigwa walikuwa 33. Matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Tungependa msomaji asimame kidogo katika hesabu hiyo, watatu na 33, kisha akumbuke kwamba dawa iliyoleta tofauti hiyo ni ya zamani, ambayo wengi wetu tumepigwa utotoni kwa majipu.

Sindano hiyo, iitwayo penisilini ya benzathini, hukaa katika nyama ya paja au tako ikitoka kidogo kidogo, na kwa wiki tatu au nne humlinda mtoto asiingiwe tena na kijidudu cha koo. Haiponyi kovu lililokwisha kuwako. Huzuia pigo la pili, la tatu na la nne, na hayo ndiyo yauayo mlango wa moyo. Kwa hiyo haifai kupigwa mara moja ikaachwa. Aliyepata homa ya baridi yabisi bila ya moyo kuguswa huendelea kwa miaka isiyopungua 5, au mpaka afike miaka 18. Aliyeguswa moyo huendelea miaka 10 au mpaka afike 25. Na ambaye milango imeharibika sana huenda ikawa ni ya maisha. Tabibu ndiye aamuaye, wala mzazi hana ruhusa ya kupunguza.

Na hapa ndipo penye mtihani wenyewe. Mtoto ni mzima, anakimbia, anakula, na kila mwezi aambiwa aende akachomwe sindano inayouma. Njia ni ndefu. Ng'ombe wamehamia malisho mengine, na kijana amekwenda nao. Baba asema, "Mwezi huu tuuache, mwanangu haumwi." Wakati wa kiangazi familia hugawanyika, na kadi ya mtoto hubaki bomani katika sanduku la bibi. Twasema hivi bila ya kumlaumu mtu, kwani twajua umbali wa njia zetu na tope lake. Lakini mtoto apigwaye sindano ni mtoto asiyeumwa, na neno hili ndilo gumu kulifahamisha: hupigwa ili asiumwe, wala si kwa kuwa aumwa. Mwenye kuhama ahame na kadi; zahanati ya huko aendako nayo yaweza kuidunga, ikiwa ameijulisha mapema ili dawa iwepo.

Wako waliotuuliza juu ya Ramadhani, na vijana waliobaleghe hasa. Sindano ya nyama si chakula wala si kinywaji. Chuo cha Kimataifa cha Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jidda mwaka 1997, kilikata shauri kuwa sindano za matibabu, zikiwa za ngozi, za nyama au za mshipa, hazibatilishi saumu, isipokuwa maji na sindano zilishazo mwili. Basi asichelewe mtu kwa ajili ya mfungo. Anayeona kinyaa moyoni mwake apigwe usiku kama zahanati iko wazi, lakini asiuruke mwezi.

Hofu nyingine yafaa ijibiwe kwa kweli. Imewahi kutokea mgonjwa akapigwa sindano hii akaanguka, pengine akafa, na watu wakasema dawa ni sumu. Mzio wa penisilini upo, nao ni haki kuulizwa kabla ya kudungwa. Lakini mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kuwa vifo vingi vya namna hiyo vyaelekea kuwa vya watu ambao mioyo yao ilikuwa imekwisha haribika vibaya, wasioweza kustahimili maumivu na mshtuko wa sindano. Kwa wagonjwa wa daraja hiyo chama kilishauri wapewe vidonge badala yake. Kwa hiyo mgonjwa apungukiwaye na pumzi hata akiwa amekaa amwambie mpiga sindano hali yake kabla ya kuvua nguo. Na adungwe amelala, ameshiba maji.

Wanawake yawaangukia zaidi. Katika wagonjwa 3,343 walioandikwa kati ya mwaka 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemen, wawili katika kila watatu walikuwa wanawake, na nusu ya wagonjwa wote walikuwa hawajapita miaka 28. Mimba huongeza damu ya mama karibu ya nusu, na mlango uliosongeka hauwezi kuipitisha. Msichana aliyeonekana mzima siku ya arusi yake huanza kukohoa usiku katika mwezi wa sita wa mimba, na watu wa nyumbani wakadhani ni kifua kikuu. Aliyepata kuvimba viungo utotoni amwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki. Na posa ikija kwa binti mwenye kadi ya sindano, si aibu kuisema. Mume atakayemchukua ndiye atakayempeleka zahanati kila mwezi.

Mlango uliokwisha haribika dawa haiutengenezi. Zamani wagonjwa wetu waliobahatika walipelekwa ng'ambo, India hasa. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa hapo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mlango uliosongeka pengine hufunguliwa kwa puto dogo lipitishwalo katika mshipa wa paja, bila ya kupasua kifua. Ukishindikana hutiwa vali ya kutengenezwa. Lakini mwenye vali hiyo hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara, maana dawa ikipungua vali huziba, ikizidi mtu hutokwa na damu. Kwa mtu akaaye chini ya Olmoti, ambaye kufika Karatu tu ni safari ya kupita ukingo wa kasoko, kipimo hicho ni mzigo mkubwa kuliko sindano ya kila mwezi aliyoikimbia utotoni.

Neno moja limebaki, nalo ni la meno. Mlango wa moyo wenye kovu ni mahali vijidudu vya kinywani hupenda kukaa, wakipata njia ya kuingia katika damu kwa jino bovu au fizi itokayo damu, na moyo uliovamiwa hivyo ni vigumu kuuokoa. Mswaki tumeamrishwa kwa ajili nyingine, nao wafaa kwa hili pia. Mwenye kadi ya moyo akitaka kung'olewa jino, amwonyeshe tabibu wa meno kadi hiyo kwanza, tabibu aamue kama yafaa apewe dawa kabla ya koleo.